Ramani Iliyo Simuni na Ramani Iliyo Hewani

Ukiiacha barabara kuu ya TANZAM pale Chimala, wilayani Mbarali, na kushika njia ya kupanda Matamba, unaingia kwenye kona ambazo wenyeji wamezipa jina la idadi yake: Hamsini na Saba. Bado uko chini, simu inashika mtandao vizuri. Ukifika katikati ya kona, ukuta wa mlima uko upande mmoja na bonde upande wa pili, na ile herufi ndogo juu ya kioo imeshuka kutoka 4G hadi E, kisha imepotea kabisa. Anayefuata ramani ya mtandaoni ataona kidoti cha bluu kikisogea juu ya viraka vya kijivu. Kidoti chenyewe kiko sahihi, maana GPS inasikiliza satelaiti na haihitaji bando hata la shilingi moja. Ramani ndiyo imekosekana.

Msimamo wa makala hii ni kwamba kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, ramani ikae ndani ya simu, na ile ya kuvutwa kutoka mtandaoni ibaki kuwa nyongeza. Lakini sababu inayotajwa vijiweni, kwamba ramani ya mtandaoni inakula bando, haina uzito huo. Piga hesabu. Ramani ya picha inayovutwa mtandaoni hukatwa vipande vya mraba, kila kimoja nukta za kioo (pikseli) 256 kwa 256. Kwenye kiwango cha 16 cha ukuzaji, ambacho kinamfaa dereva, kipande kimoja katika latitudo ya Mbeya kinafunika kama mita 600 za ardhi kila upande. Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni takribani kilomita 70, yaani vipande kama 117 kwa urefu. Chukua upana wa vipande vitano ili kioo kisibaki na pengo, unapata karibu vipande 600. Kila kimoja kikiwa na kilobaiti 15, safari nzima imekula megabaiti 9. Video moja ya harusi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inaweza kuzidi hapo.

Tatizo ni saa ambayo kipande kinafika. Kioo kimoja kinaweza kuhitaji vipande 20 kwa mpigo, yaani kilobaiti 300 hadi 400. Kwenye mtandao wa E, ambao porini mara nyingi unakupa kilobiti 80 kwa sekunde au chini ya hapo, picha kamili inachukua sekunde 30 hadi 40. Gari la mwendo wa kilomita 60 kwa saa linamaliza kilomita moja kila dakika. Kwa hiyo picha ya njia panda inakamilika wakati gari limeshaipita kwa nusu kilomita na zaidi. Na hapo umekosa kona, programu inahitaji kupanga njia upya. Kama njia inapangwa na seva iliyo mbali, ombi linakwenda kwenye mtandao uleule uliokwisha kushindwa kuleta picha. Huduma inakukatikia dakika ileile uliyoihitaji.

Kuna jambo la pili ambalo watumiaji wengi hawalioni kwa sababu ramani zote mbili zinafanana kwa macho. Kipande cha picha ni picha tu. Ukikigusa hakijui kwamba mstari ule mwekundu ni barabara, kwamba inapitika upande mmoja, au kwamba jina lililoandikwa pale ni Igawilo. Hakiwezi kutafuta zahanati wala kupanga njia, na ukigeuza ramani, maandishi nayo yanapinduka kichwa chini. Faili la ramani linalokaa ndani ya simu limebeba taarifa zenyewe: kila barabara na aina yake, kila daraja, kila shule na jina lake. Simu ndiyo inayochora, inayotafuta na inayopanga njia. Ndiyo maana aliyepakua ramani ya OsmAnd au Organic Maps, programu huria za ramani za simu, anaweza kuzima data kabisa akiwa stendi ya Nane Nane, akaandika jina la kijiji kilicho Makete, na bado akapewa njia hadi mlangoni.

Wapo wanaojaribu njia ya katikati: kuvuta picha za mkoa mzima mapema na kuziweka akiba. Hapo ndipo hesabu inakuwa mbaya kweli. Mkoa wa Mbeya, baada ya Songwe kujitenga mwaka 2016, una takribani kilomita za mraba 36,000. Kwa kiwango cha 16 peke yake unahitaji karibu vipande laki moja. Ukipanda kiwango kimoja, vinazidi mara nne: laki nne kwa kiwango cha 17, na zaidi ya milioni moja na nusu kwa kiwango cha 18, kile kinachoonyesha nyumba na vichochoro. Vipande vingi vya porini ni vitupu na vyepesi, hilo ni kweli, lakini hata hivyo unaongelea gigabaiti kadhaa kwa mkoa mmoja. Faili la OsmAnd la Tanzania nzima, kuanzia Bukoba hadi Mtwara, lina mamia ya megabaiti tu. Tena seva za OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ambamo programu hizi huchota taarifa zake, zinaendeshwa kwa michango, na masharti yake yanakataza kukomba vipande kwa wingi. Programu inayofanya hivyo hufungiwa, na watumiaji wake wote wanaanza kuona viraka vitupu bila kujua kosa ni la nani.

Teknolojia mpya zaidi ya vipande vya vekta imepunguza mzigo huu. Kipande cha vekta kinabeba mistari na majina badala ya picha, na kwa kawaida kinaishia kiwango cha 14. Ukikuza zaidi, simu inachora upya kutoka taarifa zilezile. Mkoa mzima wa Mbeya unatosha kwenye vipande kama elfu sita. Ni hatua nzuri, na maandishi hayapinduki tena. Lakini kupanga njia na kutafuta jina bado vinahitaji data za ziada, ama kwenye seva ama kwenye simu, kwa hiyo tatizo letu la kona za Chimala halijaisha.

Sasa tuzitazame programu zenyewe. OsmAnd ilianza mwaka 2010 na inakubali mitindo yote miwili: ramani ya kupakua ndiyo msingi, na kuna programu-jalizi ya ramani za mtandaoni ukitaka kuweka picha juu au chini yake. Organic Maps, iliyochipuka kutoka msimbo wa Maps.me na kutoka rasmi mwaka 2021, haivuti vipande kutoka mtandaoni hata kidogo. Usipopakua eneo, unaona mchoro hafifu wa dunia tu. CoMaps, iliyojitenga na Organic Maps mwaka 2025, inafuata njia hiyohiyo. Zote zinachota kutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004.

Uamuzi wa Organic Maps wa kukataa kabisa kuvuta ramani mtandaoni unaonekana mkali, lakini kwa mazingira yetu ni uamuzi wa heshima. Programu inayokubali yote mawili inaweza kumdanganya mtumiaji bila kukusudia. Yuko Mwanjelwa, mtandao upo, ramani inaonekana nzuri, naye anadhani ameipakua. Anakuja kugundua yuko Kikondo. Programu inayokataa inamlazimisha aone ukweli akiwa bado mjini, penye waifai. Anayetumia OsmAnd ajipime kabla ya safari: weka simu kwenye hali ya ndegeni, fungua ramani ya unakokwenda, ikuze hadi uone vichochoro, kisha panga njia kutoka ulipo hadi pale. Kimoja kikikwama, faili halipo au halijakamilika. Jaribio hili ni la dakika mbili na linafichua karibu kila kosa la maandalizi.

Ramani za kuvutwa zina kazi moja ambayo ramani ya vekta haiiwezi, nayo ni picha za satelaiti. Ukitaka kujua kama ule mstari wa nukta unaopita msituni kuelekea Ziwa Ngozi ni njia kweli au ni mchoro wa mtu aliyebahatisha, picha ya angani inasaidia, ingawa msitu mnene wa Rungwe unaficha mengi. Kwa kazi hiyo vuta picha ukiwa mjini, zipitie, ziingie kwenye akiba ya simu, halafu ondoka.

Ramani iliyo simuni nayo ina ugonjwa wake, na ni ugonjwa wa kimyakimya. Ya mtandaoni ikishindwa unaona kijivu. Ya simuni ikishindwa inakuonyesha kwa uhakika barabara isiyokuwepo tena. Ndani ya Jiji la Mbeya, upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeleta michepuko na makutano yanayohamahama. Faili la miezi minane iliyopita halijui lolote kuhusu hayo. OsmAnd hutoa mafaili mapya kila mwezi, na wanaolipia wanaweza kupata mabadiliko ya kila saa. Nyanda za juu zina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kanuni inayofaa ni kusasisha walau mara mbili: mwishoni mwa Oktoba kabla udongo haujalainika, na Juni baada ya madaraja yaliyosombwa kujulikana. Dereva wa biashara asasishe kila mwezi.

Hapa kuna mtego wa OsmAnd ya bure ya Google Play: inakupa upakuaji wa mafaili saba tu, na kila usasishaji unahesabika. Mtu anatumia nafasi zote kwenye mafaili ya ziada, kisha anabaki na ramani inayozeeka mwaka mzima. Toleo lililo kwenye F-Droid, duka la programu huria, halina kikomo hicho. Lakini angalia: kwa Android, hayo ni matoleo mawili tofauti yenye makabati tofauti. Ukihama kutoka moja kwenda jingine, ramani hazihami zenyewe, na ukifuta la zamani kwanza, mafaili yaliyo ndani ya folda yake yanafutika nalo. Sakinisha jipya, hakikisha ramani zimeingia, ndipo ufute la zamani.

Simu zenye hifadhi ya GB 16 ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Sehemu kubwa ya uzito wa faili la Tanzania ni majengo, kwa sababu wachoraji wa kujitolea wamechora nyumba nyingi mno kutoka picha za satelaiti. OsmAnd ina faili la barabara tupu, jepesi zaidi, linalotosha kupanga njia. Ila humo hutapata duka wala zahanati, kwa hiyo linamfaa dereva wa Fuso kuliko mhudumu wa afya. Kwenye simu yenye RAM ya GB 2, Organic Maps huenda vizuri kuliko OsmAnd. Kuchora ramani ya vekta kunaipa kazi prosesa, na simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele juani, inachajiwa huku inachora, hupata joto hadi ikapunguza kasi yenyewe. Ishushe hadi kwenye tundu la hewa. Kwa upande mwingine, simu inayohangaika kutafuta mnara inakula betri kwa kasi, na mwenye ramani ya simuni anaweza kuweka hali ya ndegeni safari nzima na bado akaongozwa.

Leseni ya data za OpenStreetMap inaruhusu kunakili na kugawa, na jambo hili halitumiki vya kutosha. Kijiwe cha bodaboda pale Uyole chenye waendeshaji 20 hakihitaji kupakua mara 20. Mmoja anapakua kwa waifai au bando la usiku, anahamisha faili lenye mwisho wa obf kwa Bluetooth au programu ya kurushiana mafaili, na kila mwenzake analifungua kwa OsmAnd, inaliingiza yenyewe. Kwenye Android za kuanzia 11, kuingia moja kwa moja kwenye folda ya programu kumezuiwa, kwa hiyo anayetoa atumie sehemu ya kuhamisha data iliyo kwenye mipangilio ya OsmAnd na kuchagua ramani anazotaka kutoa. Kosa la kawaida ni faili kufika nusu. Linganisha ukubwa wa faili kwenye simu zote mbili kabla ya kumruhusu mwenzako aondoke.

Kitu kingine kinachosahaulika ni sauti. Maelekezo ya sauti hutamkwa na injini ya sauti ya simu, na sauti nyingine za injini hizo hutegemea mtandao. Unafika porini, ramani ipo, njia ipo, lakini simu imekuwa bubu. Nenda kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi, pakua data za lugha unayotumia, kisha ijaribu ukiwa kwenye hali ya ndegeni.

Wanaotetea ramani ya mtandaoni hutaja foleni: inakuonyesha kwamba Mafiati hapapitiki, au kwamba lori limelala Kitonga. Hoja hiyo ni ya kweli kwa programu za makampuni makubwa yanayokusanya mwendo wa simu za watu. Kwenye programu huria, vipande vinavyovutwa kutoka OpenStreetMap havina foleni ndani yake. Ukichagua ramani huria ya mtandaoni, umebeba udhaifu wa mtandao bila kupata faida uliyoifuata. Anayehitaji foleni za mjini atumie programu nyingine kwa ajili hiyo akiwa mjini, na akishapita Igawa arudi kwenye ramani ya simuni.

Makadirio ya muda yanapotoka, watu hulaumu ramani kuwa ya zamani. Mara nyingi sivyo. Programu inakadiria mwendo kutokana na lebo za barabara: daraja lake, uso wake, hali ya uso huo. Barabara ya udongo iliyochorwa bila lebo ya uso, programu inaweza kuipa mwendo ambao hakuna Noah inayouweza. Hamsini na Saba ikihesabiwa kwa urefu wake tu inaonekana safari fupi. Ukiwa nyuma ya lori lililobeba viazi, kila kona ni kusubiri. Kwenye OsmAnd unaweza kushusha mwendo wa kawaida wa gari lako na kuiambia ikwepe barabara zisizo na lami. Organic Maps nayo ina chaguo la kukwepa zisizo na lami. Usitumie chaguo hilo kwenda Makete wakati njia uliyokusudia ni ya vumbi, maana utazungushwa kwa mamia ya kilomita kutafuta lami.

GPS nayo inalaumiwa bila kosa. Simu iliyozimwa muda mrefu inahitaji kupokea upya taarifa za mizunguko ya satelaiti. Mtandao ukiwepo, inazipata kwa sekunde chache. Usipokuwepo, inazisikiliza kutoka satelaiti zenyewe, ambazo hutuma kwa kasi ya biti 50 tu kwa sekunde na kurudia kila sekunde 30. Ukikatizwa na mti au paa la gari, unasubiri mzunguko mwingine. Taarifa hizo hudumu kama saa nne. Kwa hiyo washa ramani ukiwa mahali pa wazi, umesimama, uone kidoti kimetulia, ndipo uondoke. Anayeiwasha ndani ya Coaster iliyojaa, simu ikiwa mapajani, anaweza kusubiri dakika nyingi na kudhani programu ni mbovu.

Ramani ya simuni ina nguvu kubwa zaidi inapokutana na SMS ya kawaida. Vijiji vingi havina majina ya mitaa kwenye ramani, na Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyosimamisha vibao mitaani, haikuyaingiza majina hayo OpenStreetMap yenyewe. Anayekusubiri abonyeze alipo kwa muda mrefu, anakili namba mbili za mahali na kuzituma kwa SMS. Tarakimu nne baada ya nukta zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, tano ndani ya mita moja. Mbeya mjini ni karibu -8.9 na 33.45. Alama ya kutoa ndiyo inayosahaulika: ukiandika 8.9 bila alama hiyo, umemtuma mgeni Sudan Kusini, karibu kilomita 2,000 kaskazini. Programu itatafuta njia kwenye nchi ambayo hukupakua ramani yake, itakataa, na wewe utadhani faili limeharibika.

Na lebo ya uso inayokosekana pale Matamba inaweza kuwekwa na mtu wa Matamba. StreetComplete, programu huria ya Android, inapakua maswali ya eneo ukiwa na mtandao, kisha inakuuliza ukiwa njiani: barabara hii ni lami, changarawe au udongo? Majibu yanakaa simuni hadi urudi penye mnara, ndipo yanapanda OpenStreetMap kwa jina lako la akaunti. Organic Maps nayo ina kihariri cha maduka na zahanati kinachofanya kazi hivyohivyo. Jibu la Jumamosi litaonekana mapema kwenye ramani ya mtandaoni, na litaingia kwenye faili la OsmAnd la mwezi unaofuata. Kuanzia hapo, kila anayesasisha, awe Chimala au Kyela, atapewa muda unaoijua ile barabara.